Kadi Kumi na Moja za Mama Nyangi

Nyasho, nyuma ya kanisa,
Musoma.
3 Desemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Dorkas,

Bwana asifiwe. Hujambo wewe? Mumeo Boniphace hajambo? Na huko Masasi mvua imeshuka au bado mnakula vumbi? Mimi bibi yako ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo tangu Agosti halinisikilizi. Macho bado yananitosha. Meno yamebaki ya ugali, ya nyama nimewaachia wenye haraka. Kuku wapo, nyumba ipo, ziwa lipo palepale.

Ujue kwamba barua hii nimeiandika mwenyewe, sikumwomba mtu. Darasa la nne la zamani si mchezo, tulikuwaga tunachapwa kwa kila nukta. Nimeiandika kwa siku tatu, kwa hiyo na wewe isome taratibu. Usiisome huku unakoroga uji. Kaa chini.

Kwanza nikugombeze, nimalize. Krismasi iliyopita ulinitumia picha kwenye simu, mshumaa na maua mekundu na maneno ya Kiingereza. Nikashukuru. Kabla sijaweka simu chini, mshumaa uleule ukaingia kutoka kwa mwinjilisti. Halafu kwa mama anayeniuzia mkaa. Halafu kwa mtu nisiyemjua kabisa. Nikampa jirani yangu Ursula anisomee, akasema imeandikwa heri ya Krismasi kwako na kwa familia yako. Kwako nani? Dorkas, mke mwenzangu, mimi sina jina? Mshumaa wa watu wanne, hauna jina la aliyetoa wala la aliyepewa. Huo ni mshumaa wa nani?

Kamba yetu ya kadi unaikumbuka? Ilikuwaga inatoka kwenye msumari wa saa hadi kwenye msumari wa picha ya babu yako Samwel, inapita juu ya vichwa vya wageni. Wewe uliikuta imezeeka, ina kadi tano au sita. Wakati wetu ililegea kwa uzito. Kadi za mashangazi zako, za wazee wa kanisa, za bwana mkubwa wa babu yako kazini, za watu tuliokutana nao mara moja tu kwenye msiba. Kila kadi na kibanio chake cha nguo. Desemba nzima nguo zangu zilianikwa bila vibanio, upepo wa ziwani ukawa unazitupa kwa majirani. Mtu aliingia, akainua kichwa, akasoma kamba, ndipo akasalimia. Asiyeiona kadi yake alinuna mpaka Pasaka.

Kadi ilikuwa na jina. Hapo ndipo ninapotaka ushike. Mtu alikaa, akaandika jina lako kwa mkono, akaandika na lake. Jina lake likiwa kwenye kamba yako, unajua yu hai. Lisipokuwepo, unauliza kulikoni.

Sasa habari ya mtoto. Mama yako amenieleza yote kwenye simu. Kitukuu changu alizaliwa Agosti, mzima, kilo tatu na nusu, tukamshukuru Mungu. Tangu wiki ya pili, kila siku saa saba mchana, analia. Analia mpaka sauti inakatika, ziwa analitema, hadi saa tisa, halafu ananyamaza kama taa iliyozimwa. Mmempeleka hospitali mara tatu, wamempima, hawakuona kitu. Ni sawa, hospitali mwende, na mtaendelea kwenda, sikuwakataza. Lakini mmempa jina Brayden. Nilimuuliza mama yako, hilo ni jina au ni dawa ya mafua? Akacheka. Mimi sikucheka.

Sikucheka kwa sababu tangu Agosti hiyohiyo, saa saba hiyohiyo, nikiwa jikoni naosha vyombo, kuna mtu ananiita dirishani. Anaita mara moja. "Shemeji." Basi. Natoka na mikono ya povu, nakuta kuku na jua.

Mimi si mwanamke wa mambo ya mizimu, unanijua. Nimebatizwa. Nimeimba sauti ya pili kanisani miaka arobaini. Nilimwita mchungaji aombee nyumba, akaja, akaomba, akala kuku wangu, akaenda zake. Kesho yake saa saba, "Shemeji."

Na sauti naijua. Duniani mtu mmoja tu alikuwa haji mlangoni kwangu kupiga hodi. Alikuwa akitoka ziwani anapita nyuma, anagonga ubao wa dirisha la jikoni, anasema, "Shemeji, nipe maji." Siku hizi habari ya maji haitaji. Anaishia hapo kwenye kuniita.

Ni babu yako mdogo Hezron, aliyemfuata babu yako Samwel kwa kuzaliwa.

Najua ulichosikia juu yake, maana nyumbani kwetu hakijawahi kusemwa kingine. Kwamba Hezron alivuka kwenda Kisumu, akapata maisha, akasahau kwao. Kwamba kila Krismasi alimtumia mama yake kadi, lakini miguu yake hakuileta. Kwamba mama yake alipofariki hakuja kutupa udongo, na kadi zikakoma mwaka huohuo. Umelelewa na maneno hayo. Sasa sikia la kwangu.

Hezron hakuvuka kwenda popote. Hezron alikufa maji, Oktoba mwaka 1986, karibu na kisiwa cha Rukuba, saa saba mchana.

Nimeandika. Nilidhani kalamu itakataa.

Alikuwa kambini kule Rukuba na mwenzake mmoja, Stanislausi. Walitoka kuvuta nyavu, upepo ukageuka, mtumbwi ukapinduka. Stanislausi alishika kasia, mawimbi yakamtupa kwenye mawe. Hezron hakuonekana. Stanislausi alivuka akaja moja kwa moja kwa babu yako hapa Nyasho, akasema maneno manne, akakaa chini pale mlangoni kama mzigo. Babu yako alizunguka mwambao siku tano. Hata shati hakuokota.

Na mama yao, Mama Nyangi, mama mkwe wangu, alikuwa amelazwa hapa mjini. Alikuwa amepasuliwa tumbo na daktari alisema asipewe habari ya kumshtua. Babu yako akaniambia, "Mama asijue mpaka apone." Stanislausi akaambiwa afunge mdomo. Alihamia Ukerewe, akafia huko na mdomo umefungwa. Watu wengine wote tukawaambia Hezron amevuka na wavuvi wenzake. Wavuvi wanahamaga na samaki, nani angeshangaa? Tulisema ni kwa wiki mbili tu.

Mama Nyangi alipona Desemba. Na Desemba ndio uliokuwa mwezi wa kadi.

Hezron alikuwa hakosi. Awe Rukuba, awe wapi, kila Krismasi alinunua kadi moja, moja tu, ya mama yake. Hakuwa msomi. Aliandika herufi kubwa zinazopanda mlima. Mama Nyangi naye hakujua kusoma, kwa hiyo mimi mkwe wake ndiye niliyekuwa namsomea na kumgeuzia kwa Kijita changu kibovu, maana mimi ni Mzanaki wa Butiama, Kijita nilikikuta ndoani. Siku tatu kabla ya sikukuu akaniuliza, "Ya Hezron haijafika?" Kesho yake akauliza tena. Siku ya tatu hakuuliza. Alitazama kamba tu.

Nikaenda mjini nikanunua kadi. Ilikuwa na ndege mdogo mwenye kifua chekundu, amekaa kwenye mti uliofunikwa na weupe. Nikaandika herufi kubwa, nikazipandisha mlima. MAMA NIPO SALAMA. NAKUOMBEA. MWANAO HEZRON. Nikasema imeletwa na watu wa boti, ndiyo maana haina stempu. Kisha nikakaa naye mkekani, nikamsomea.

Dorkas, mimi ndiye niliyeandika, na mimi ndiye niliyesoma.

Akaishika. Akaugusa ule weupe kwa kidole, akauliza ni nini. Nikamwambia ni baridi ya Ulaya. Hakuelewa. Akasema, "Huko aliko Hezron kuna unga mwingi namna hii, na haniletei hata kibaba?" Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka. Mungu aliniona nikicheka.

Ndipo akasema tumjibu. Hilo sikuwa nimelifikiria. Akanituma kadi nyingine, akasema maneno yake, nikayaandika: "Hezron, nimepona. Njoo ule." Akaniambia niwape watu wa boti. Ningewapa nani? Niliitia kwenye kopo la biskuti, nikalisukuma chini ya kitanda.

Mwaka uliofuata nikamwambia babu yako, mama ana nguvu sasa, mwambie. Akasema baada ya mavuno. Halafu baada ya harusi ya dada yake. Uongo ukishaulisha mara mbili, mara ya tatu unakuja wenyewe kukaa mkekani.

Miaka kumi na moja, mjukuu wangu. Kadi kumi na moja za kutoka kwa Hezron, mkono wangu. Kadi kumi na moja za kwenda kwa Hezron, mkono wangu. Mama Nyangi alimweleza mwanawe kila kitu. Kwamba ng'ombe wake mweusi amezaa mara ya tatu. Kwamba samaki furu wamepungua ziwani, sangara amewamaliza. Kwamba msichana aliyekuwa anamtaka ameolewa Bunda na amenenepa vibaya. Mwaka mmoja alinituma nimuulize kama amezaa, na kama mtoto wa kwanza amempa jina la baba yao. Krismasi iliyofuata ilibidi nimjibu. Niliandika kwamba bado hajazaa. Nilimnyima watoto kwa kalamu, maana nilijua ningeandika amezaa, mama angetaka kuwaona.

Jibu la mwisho nililiandika Krismasi ya 1996. Wewe ulikuwa kachanga, umelala pale mkekani katikati yetu. Mama Nyangi alikuwa haoni vizuri tena. Nilishika kalamu nikasubiri habari za ng'ombe. Akasema, "Mwandikie hivi. Usihangaike kuja. Nitakuja mimi."

Nikaandika. Sikumuuliza maana yake, naye hakunieleza. Mpaka leo sijui. Novemba iliyofuata akafa.

Kadi zote zilizotoka kwa mwanawe alizikwa nazo kifuani, aliomba mwenyewe. Na pale kaburini, kwao Majita, watu walimtafuta Hezron kwa macho. Jua likapanda, Hezron hayupo, wala ujumbe wake haupo. Baba yako Benson alikuwa na miaka ishirini na minane, damu inachemka, na bibi yake alikuwa anampenda. Alisimama mbele ya ukoo wote akasema, "Mtu aliyeshindwa kumzika mama yake, jina lake lisiitwe tena na mtoto yeyote wa nyumba hii." Wazee wakaitikia.

Mimi nilikuwa nimesimama pale, udongo mkononi, ukweli mdomoni. Babu yako alinitazama mara moja tu. Udongo nikautupa, ukweli nikaumeza.

Na nisimsingizie marehemu peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa mwanamke msomi wa nyumba ile. Watu wakipata barua walikuwa wananiletea mimi. Ningesimama niseme mama huyu nilimdanganya mpaka amekufa, na kadi mlizokuwa mkizisifia kwenye kamba ni za kwangu? Nilikuwa na kiburi. Babu yako alipofariki mwaka 2009 hakuna aliyenizuia tena kusema, bado nikanyamaza miaka mingine kumi na mitano. Kiburi bado ninacho, lakini kimezeeka kama mimi, hakinibebi tena.

Wewe umesoma, lakini hili hukufundishwa chuoni, kwa hiyo nalisema wazi. Kwetu aliyekufa anarithiwa jina. Ndivyo anavyopata mahali pa kukaa. Babu yako Samwel amesharithiwa mara mbili, mmoja yuko Mwanza na ni mtundu kama yeye. Mama Nyangi amerithiwa. Hata yule shangazi mchoyo amerithiwa. Hezron miaka thelathini na minane hana mtoto anayeitwa kwa jina lake. Kwanza nilimfanya hai kwa kadi zangu, na aliye hai harithiwi. Halafu alipokoma kuandika, wakamfukuza kama mtu mbaya. Alikuwa kijana mwema kuliko wote waliotoka tumbo lile, na mimi ndiye niliyemchafua. Hana kaburi na hana jina. Unategemea aende wapi? Anakuja dirishani kwangu.

Mwezi uliopita nikasema nitakuandikia. Lakini jina hilo nililichezea kwenye kadi, na kwenye kadi ndiko litakakorudi. Nikaenda mjini kutafuta kadi ya Krismasi. Maduka manne, Dorkas. Kuna kadi za mchango wa harusi, kuna kadi za kipaimara, kuna kadi za kuomba chochote unachotaka. Ya kumtakia mtu heri tu, bila kumwomba kitu, hakuna. Binti mmoja akaniambia, "Bibi, zile zililiwa na panya, watu hawanunui tena." Akasema anaweza kunitengenezea kwenye simu, aweke sura yangu na kofia nyekundu ya manyoya. Nikamwambia kofia hiyo amvishe bibi yake.

Nikapanda gari mpaka Bunda, kwa Matrida wa Manyamanyama. Huyo tulisoma naye, na zamani alikuwa anauza kadi za kanisa, anatembea nazo kwenye beseni kama mihogo. Nikamkuta anachambua dagaa uani. Akaniambia za mwisho aliwashia mkaa. "Anastazia, unatafuta kadi kama mtu anayetafuta jino lake lililong'oka," akasema. "Ya nani hiyo?"

"Ya kitukuu changu."

"Kitukuu anasoma?"

"Hasomi. Analia." Nikamweleza saa saba na saa tisa, habari ya dirisha sikuitaja.

Matrida akaacha dagaa wake. Akanitazama mpaka nikaona aibu. Akaniuliza, "Nani kwenu hajarithiwa?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza swali hilo. Nikasimama, nikasema gari litaniacha, na yeye akasema gari lipi, Anastazia, hata chai hujanywa. Nikaondoka. Lakini sikurudi Nyasho. Nilishuka njia panda, nikapanda bodaboda na goti hili, nikaenda Butiama kwa kaka yangu Paschal.

Maana kopo la biskuti liko kule. Wiki ile tuliyomzika Mama Nyangi nililibeba nikalipeleka kwetu nilikozaliwa, nikalipachika juu ya dari katika nyumba ya mama yangu, mbali na macho ya watu wa Hezron. Paschal alilishusha mwenyewe kwa ngazi. Akasema, "Dada, hili nilidhani ni dawa zako za kienyeji. Sijaligusa miaka ishirini na saba." Nikamwambia amefanya vizuri, na aondoke hapo. Akaondoka. Bado ananiogopa, na ana miaka sabini.

Majibu yote kumi na moja yalikuwemo, makavu, yananuka moshi. Na chini yake kulikuwa na kadi moja tupu. Nilikuwa nimeshainunua kwa ajili ya Krismasi ya 1997, kabla Mama Nyangi hajafa. Hata herufi moja haikuandikwa. Ndiyo hiyo niliyoitia humu, na ndege wake na unga wake. Utaona karatasi imejikunja na ina alama ya maji mpaka katikati. Zile kumi na moja zilizokuwa juu yake zilikuwa kavu, na chini yake ni bati la kopo tu. Dari la Paschal halivuji, nilimuuliza mara mbili. Sina zaidi la kukueleza kuhusu hilo.

Ndani nimeandika jina moja. Sikuandika herufi za mlima. Nimeandika mwandiko wangu mwenyewe, na chini nimeweka jina langu.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Mtoto akianza kulia saa saba, mpakate, kaa karibu na dirisha. Fungua kadi. Mwite kwa jina hilo mara moja, taratibu, kama unavyomwita mtu aliyetoka safari. Halafu mpe ziwa. Akilishika, amefika. Asipolishika, usimlazimishe, wala usimwite tena. Mrudishe hospitali kesho yake, nami nitajua bado nina la kutafuta. Brayden mwacheni kwenye cheti kama mnamtaka, watu wengi wana jina la cheti na jina la nyumbani. Boniphace akikataa, nitamwelewa, mtoto ni wake pia. Lakini mwambie ameombwa na bibi kizee ambaye hajawahi kumwomba kitu, hata mahari yako sikuuliza.

Baba yako Benson bado hajui. Usimpigie simu. Nataka alisikie kutoka kwenye mdomo huu ulionyamaza. Krismasi watakuwa hapa wote baada ya ibada, na wazee wawili kutoka Majita nimewaalika, nimewaambia kuna sato. Kamba nimeshaifunga tena, kutoka msumari wa saa hadi msumari wa babu yako. Wakiingia watainua vichwa kwa mazoea, na wataona kadi kumi na moja za Mama Nyangi kwenda kwa mwanawe. Watasoma ile ya kwanza, njoo ule. Watasoma mpaka ya mwisho. Wakigeuka kuniuliza, nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha babu yako, nami nitasema.

Sijui watanifanya nini. Baba yako anaweza asinisemeshe tena, ana kichwa kigumu, alikitoa kwangu. Wazee wanaweza kusema mwanamke huyu asilazwe karibu na Mama Nyangi. Wana haki. Mahali pangu pale ubavuni kwake nilikuwa nimeshapachagua, naona ajabu kupapoteza. Ila nitawaomba kitu kimoja kabla hawajaamua. Hapohapo wamwekee Hezron jiwe. Wakisema nafasi ni ya mtu mmoja, wampe yeye.

Vibanio nimetoa kumi na viwili. Kumi na kimoja ni vya Mama Nyangi. Kimoja nimekiacha kitupu, mwisho kabisa, karibu na picha ya babu yako. Hicho ni chako. Usinitumie mshumaa. Kama huko Masasi nako hakuna kadi, chukua karatasi ya daftari la shule unakofundisha, ikunje, andika jina langu na jina lako, na jina la mtoto vile mtakavyokuwa mmemwita. Tia stempu. Hata ikifika Januari, hata Machi, kamba sitaitoa. Mwaka huu watu wanune mpaka Pasaka, wamenizoea.

Nikisoma humo kwamba ni Hezron, nitakwenda jikoni saa saba nisubiri. Nikiitwa, nitaitika, "Naam, shemeji, umefika." Na kama sitaitwa tena, nitajua maji ameyapata kwako.

Nisalimie Boniphace, nisalimie na mama mkwe wako Dorah, umwambie zile kashata sijazisahau. Ursula anakusalimu. Kaka yangu Paschal anakusalimu, anauliza kama kweli huko mnakula korosho kama sisi tunavyokula mahindi ya kuchoma. Mbusu mume wangu mdogo kwenye kisogo. Mungu wa mababu zako awafunike wewe na nyumba yako, aliyeko ndani alale, aliyeko nje afunguliwe.

Ni mimi ninayekupenda na kukugombeza,

Bibi yako Anastazia

Nimesahau kitu. Tangu nirudi kutoka Butiama naweka kikombe cha maji dirishani kila mchana, usimwambie mchungaji. Jana nilipokwenda kukitoa nilikuta kimebaki nusu. Ni kuku. Nimeshasema ni kuku.